Kazi ya Utafiti Ujerumani Baada ya Uzamivu: Tusome Mkataba Kabla ya Kufunga Mizigo

Siku hizi si ajabu kukuta katika ukoo mmoja kijana au binti mwenye shahada ya uzamivu, yaani udaktari wa falsafa. Zamani swali lililoletwa ofisini kwetu lilikuwa, "Nitapata wapi ufadhili wa kusoma?" Sasa limekuja swali jingine: "Nimemaliza kusoma. Nimeona tangazo la kazi ya utafiti katika chuo kikuu cha ufundi huko Ujerumani. Je, niombe? Na nikiitwa, niende?"

Jibu letu fupi ni kwamba nafasi zipo, ni za kweli, na hakuna sababu ya kuziogopa. Hata hivyo, nafasi mbili zinazofanana kwenye tangazo zinaweza kuwa na tofauti kubwa katika maisha ya mtu. Moja ni ajira yenye mshahara, bima na akiba ya uzeeni. Nyingine ni ruzuku tu ya kujikimu. Moja ina ulinzi kwa mama mjamzito, nyingine haina. Na karibu zote zina mwisho unaojulikana tangu siku ya kwanza. Katika makala hii tunaeleza jinsi mambo hayo yanavyokwenda, ili anayeomba na familia yake wajue wanaingia katika jambo gani.

CHUO KIKUU CHA UFUNDI NI NINI?

Kwetu tukisikia neno "ufundi" tunafikiri useremala, uashi na umeme wa majumbani. Ujerumani maana yake ni pana zaidi. Vyuo vikuu vya ufundi vya huko vilianza katika karne ya 19 kama shule za kuwaandaa wahandisi. Chuo cha Karlsruhe kilianza mwaka 1825, Dresden mwaka 1828, Munich mwaka 1868 na Aachen mwaka 1870. Mwanzoni havikuhesabiwa kuwa sawa na vyuo vikuu vya zamani. Ilikuwa mwaka 1899 ndipo mfalme wa Prussia aliporuhusu vyuo vya ufundi vya himaya yake kutoa shahada ya udaktari kwa wahandisi. Leo vina hadhi kamili ya chuo kikuu, na tisa kati ya vikubwa vimeungana katika umoja unaoitwa TU9.

Utafiti wake umegusa maisha ya watu hata vijijini kwetu. Kule Karlsruhe, kati ya mwaka 1886 na 1888, Heinrich Hertz alithibitisha kuwapo kwa mawimbi yanayotuwezesha leo kusikiliza redio na kupiga simu ya mkononi. Rudolf Diesel, ambaye jina lake tunalitaja kila tunapojaza mafuta ya gari, alihitimu masomo yake Munich mwaka 1880. Katika chuo cha madini cha Freiberg, kilichoanzishwa mwaka 1765, Clemens Winkler aligundua elementi ya germani mwaka 1886. Na huko Tharandt, karibu na Dresden, kuna shule ya misitu yenye zaidi ya miaka 200, ambayo sasa ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Ufundi cha Dresden.

Kwa hiyo, mtu aliyesomea maji, misitu, madini, nishati ya jua, usindikaji wa chakula, ujenzi au kompyuta asidhani kwamba vyuo hivi ni vya watengeneza magari peke yao.

MTAFITI WA BAADA YA UZAMIVU NI NANI?

Huyu ni mtu ambaye tayari anayo shahada ya uzamivu, lakini bado hajawa profesa. Si mwanafunzi tena. Hana mtihani wa kufanya wala ada ya kulipa. Anafanya utafiti, anaandika makala za kitaalamu, anasaidia kuongoza wanafunzi, na mara nyingi anafundisha vipindi kadhaa kwa wiki.

Ili kuelewa nafasi yake ni lazima kwanza kuelewa jinsi chuo cha Kijerumani kilivyopangwa. Kwa kawaida kazi huzunguka kitengo cha profesa mmoja. Kitengo hicho huitwa Lehrstuhl, yaani "kiti cha kufundishia". Profesa ndiye mwenye maabara, karani, bajeti na watafiti. Mkataba wa ajira hutolewa na chuo, lakini ni profesa anayechagua nani aajiriwe na kwa fedha zipi. Ndiyo maana barua nzuri iliyotumwa kwa "Mkuu wa Chuo" haifiki popote, wakati barua fupi iliyoandikwa kwa profesa anayefanya utafiti unaofanana na wako inaweza kujibiwa.

FEDHA HUTOKA WAPI?

Jambo la kwanza la kuuliza kuhusu nafasi yoyote ni chanzo cha fedha zake. Kuna milango mitatu.

Mlango wa kwanza ni bajeti ya chuo chenyewe, inayotokana na serikali ya jimbo. Nafasi za namna hii huambatana na kazi ya kufundisha, na nyingi huhitaji kujua Kijerumani, hasa kwa kuwa wanafunzi wa shahada ya kwanza wengi hufundishwa kwa lugha hiyo.

Mlango wa pili ni fedha za mradi. Profesa ameomba fedha kutoka nje ya chuo, kwa mfano kwenye Shirika la Utafiti la Ujerumani linalojulikana kama DFG, wizara ya serikali kuu, Umoja wa Ulaya au kampuni ya viwanda. Anaajiri mtu wa kufanya kazi ya mradi huo. Mradi ukiwa wa miaka miwili, mkataba nao kwa kawaida hauzidi hapo. Matangazo mengi wanayoyaona vijana wetu ni ya mlango huu, na katika maabara nyingi za namna hii Kiingereza kinatosha kwa kazi za kila siku.

Mlango wa tatu ni fedha anazoziomba mtafiti mwenyewe. Hapa mtu haombi nafasi iliyotangazwa. Anaandika mpango wake wa utafiti, anamtafuta profesa atakayekubali kuwa mwenyeji wake, kisha anapeleka maombi kwa mfadhili. Mfadhili anayefahamika sana ni Taasisi ya Alexander von Humboldt. Taasisi hii haina mgawo wa nchi wala wa fani, na maombi hupokelewa wakati wowote wa mwaka. Kwa waliomaliza uzamivu ndani ya miaka 4 iliyopita, ufadhili huwa wa miezi 6 hadi 24. Kwa wazoefu zaidi, hadi miaka 12 baada ya uzamivu, ni miezi 6 hadi 18.

Hali kadhalika, Umoja wa Ulaya unao ufadhili wenye jina la Marie Skłodowska-Curie, ulio wazi kwa watu wa mataifa yote. Una sharti moja linalowanasa wengi: mwombaji asiwe ameishi au kufanya kazi katika nchi anayotaka kwenda kwa zaidi ya miezi 12 ndani ya miezi 36 iliyotangulia. Aliyekwisha kaa Ujerumani miaka miwili mfululizo kwa mkataba mwingine hawezi tena kuuomba kwa ajili ya Ujerumani hapo hapo. Mpangilio wa hatua una maana.

Kwa waliokwisha pata uzoefu baada ya uzamivu kuna programu ya DFG yenye jina la Emmy Noether, inayomwezesha mtafiti kijana kuongoza kikundi chake mwenyewe kwa miaka 6. Jina hilo lina fundisho ndani yake. Emmy Noether alikuwa miongoni mwa wanahisabati wakubwa wa karne ya 20, lakini kwa sababu alikuwa mwanamke alifundisha kwa miaka mingi bila mshahara. Mwaka 1933 utawala wa Wanazi ulimfukuza kazi kwa kuwa alikuwa Myahudi, akaenda Marekani, ambako alifariki mwaka 1935. Kipaji kikubwa bila mkataba wa haki hakimpi mtu usalama.

AJIRA SI SAWA NA RUZUKU

Hapa ndipo penye kiini cha makala yetu. Mtu anaweza kupokea fedha kila mwezi kwa njia mbili, nazo zina sheria tofauti.

Njia ya kwanza ni mkataba wa ajira. Mtafiti mwenye uzamivu kwa kawaida huwekwa katika ngazi ya E13 ya jedwali la mishahara la majimbo, linaloitwa TV-L. Jimbo la Hessen, lenye mji wa Darmstadt, lina utaratibu wake. Tangu Februari 2025, hatua ya chini kabisa ya E13 kwa kazi ya muda wote ilikuwa zaidi ya Yuro 4,600 kwa mwezi kabla ya makato. Ndani ya ngazi hiyo zipo hatua za juu zaidi kwa wenye uzoefu. Uzoefu huo hupimwa mwanzoni, kwa hiyo barua za waajiri wa zamani ziwasilishwe kabla ya kusaini.

Tafadhali, msomaji, usizidishe fedha hizo kwa shilingi ukaanza kupanga nyumba. Kwa mtu asiye na mwenzi wala watoto, kodi na bima huondoa zaidi ya theluthi moja ya mshahara huo. Kodi ya pango katika mji kama Munich nayo ni kubwa.

Lakini makato hayo yana faida yake. Kuna bima ya afya, na katika bima ya umma mwenzi asiye na kipato pamoja na watoto hulindwa bila malipo ya ziada. Kuna bima ya kukosa kazi. Kuna pia mfuko wa pensheni, ambao mchango wake ni asilimia 18.6 ya mshahara, nusu ikilipwa na mwajiri na nusu na mfanyakazi. Raia wa nchi ya nje ya Umoja wa Ulaya anayeondoka moja kwa moja anaweza, kwa masharti, kuomba kurudishiwa sehemu aliyochangia mwenyewe baada ya miezi 24 kupita. Wengi huondoka bila kujua haki hiyo. Tunza namba yako ya bima na karatasi zote za mshahara.

Njia ya pili ni ruzuku ya kujikimu. Hii si mshahara. Mpokeaji si mfanyakazi wa chuo, hachangii pensheni wala bima ya kukosa kazi, na bima ya afya huitafuta mwenyewe, ingawa baadhi ya wafadhili husaidia gharama hiyo. Ruzuku nzuri, kama ile ya Humboldt, huwa na nyongeza kwa ajili ya familia na humpa mtafiti uhuru wa kufanya kazi yake bila kufungwa na mradi wa mtu mwingine. Kwa hiyo hatusemi kwamba ruzuku ni mbaya. Tunasema mtu ajue anachopokea, kwa sababu kiasi cha fedha kinachoonekana kikubwa katika ruzuku bado hakijatolewa bima.

Tuseme pia habari ya uzazi, kwa maana dada zetu wengi huingia katika kazi hii wakiwa katika umri wa kuzaa. Mfanyakazi mjamzito hupewa mapumziko ya wiki 6 kabla ya kujifungua na wiki 8 baada yake. Mkataba wa muda uliotolewa kwa lengo la kumkuza mtafiti kitaaluma unaweza kuongezwa kwa kipindi alichokuwa katika mapumziko ya uzazi na malezi, mwenyewe akikubali. Mkataba uliofungwa kwa sababu ya fedha za mradi hauna haki hiyo. Siku ya mradi kwisha, nao umekwisha. Karatasi mbili zinafanana kwa nje, lakini kifungu kimoja cha sheria kinazitofautisha. Mwenye mkataba aulize bila aibu: "Umefungwa kwa kifungu kipi?"

HESABU MBILI ZA MIAKA

Sheria ya Ujerumani kuhusu mikataba ya muda katika taaluma ilianza mwaka 2007 na kurekebishwa mwaka 2016. Kwa ufupi inasema hivi: mtu anaweza kuajiriwa kwa mikataba ya muda kwa miaka 6 kabla ya uzamivu na miaka 6 baada yake, isipokuwa katika udaktari wa tiba ambako ni miaka 9 baada yake. Aliyemaliza uzamivu kwa muda mfupi kuliko miaka 6 huongezewa miaka aliyookoa. Kwa kila mtoto aliye chini ya umri wa miaka 18, muda huo unaweza kurefushwa kwa miaka 2. Neno ni "unaweza", chuo hakilazimishwi. Miaka ikiisha, kinachobaki ni ajira ya kudumu, mkataba wa fedha za mradi, au kuondoka.

Hiyo ni hesabu ya kwanza, nayo huhesabu miaka ya ajira za muda nchini Ujerumani. Hesabu ya pili ni ya wafadhili. Hiyo huanza siku mtu alipopata uzamivu wake, hata kama yuko nyumbani.

Tuchukue mfano. Binti amepata uzamivu wa uhandisi wa maji Machi 2025, baada ya kusoma miaka 4. Kwa upande wa sheria ya ajira anayo miaka 6, na kwa kuwa aliokoa miaka 2 anaweza kufikisha 8. Akibaki nyumbani kufundisha kwa miaka mitano, hesabu hiyo haipungui. Lakini kwa upande wa Humboldt, nafasi ya wale wa mwanzo humfungia mlango Machi 2029. Baada ya hapo atashindana katika kundi la wazoefu, ambako kazi alizochapisha zitapimwa kwa kipimo kizito zaidi. Kwa upande mwingine, akienda mapema kwa ruzuku, muda wa ruzuku hauli miaka yake ya ajira, kwa kuwa yeye si mfanyakazi.

Kwa hiyo anayetaka kwenda asisubiri "mambo yatulie". Wala asikimbilie mkataba wowote ule. Akae na karatasi na kalamu, aandike hesabu zote mbili.

Ni vema kusema wazi kwamba Wajerumani wenyewe wanalalamikia utaratibu huu. Mwaka 2021, wizara ya serikali kuu ilipotumia filamu fupi yenye mtafiti wa kubuni aitwaye Hanna kueleza uzuri wa sheria hiyo, maelfu ya watafiti walijitokeza kusimulia hali zao halisi chini ya kauli "Mimi ni Hanna". Miongoni mwa wanataaluma wa vyuo vikuu walio chini ya umri wa miaka 45 na ambao si maprofesa, zaidi ya tisa katika kila kumi wako kwenye mikataba ya muda. Marekebisho ya sheria yamejadiliwa tangu hapo. Anayeomba leo athibitishe sheria inayotumika siku atakayosaini.

Aidha, ipo njia inayoelekea kwenye kudumu. Chuo Kikuu cha Ufundi cha Munich kilianza mwaka 2012 utaratibu wa maprofesa vijana ambao, wakifaulu tathmini, hupandishwa na kubaki. Mwaka 2016 serikali kuu na majimbo zilikubaliana kugharamia nafasi 1,000 za namna hiyo nchi nzima. Hata hivyo ushindani ni mkali, na mtafiti asiipange bajeti ya familia yake juu ya tumaini hilo.

JINSI YA KUTAFUTA NA KUOMBA

Matangazo ya kweli hupatikana kwenye kurasa za vyuo vyenyewe na katika EURAXESS, mtandao wa Umoja wa Ulaya wa ajira za utafiti. Shirika la DAAD, lililoanzishwa mwaka 1925, hutoa taarifa za ufadhili, na kwa upande wetu wa Afrika lina ofisi Nairobi.

Tangazo lisomwe neno kwa neno. Neno "befristet" maana yake ni mkataba wa muda. "Vollzeit" ni kazi ya muda wote, na "Teilzeit" ni ya sehemu ya muda. Ikiandikwa asilimia 50 au 75, mshahara nao ni asilimia hiyo. Kila tangazo huwa na namba yake ya kumbukumbu, nayo iandikwe kwenye barua.

Barua isizidi ukurasa mmoja au mmoja na nusu. Ieleze mambo matatu: umefanya utafiti gani, unahusianaje na kazi ya kitengo kile, na utaanza kufanya nini ukifika. Profesa hupokea barua nyingi zinazoanza kwa sifa ndefu na kumalizika bila kutaja hata kazi moja ya kitengo chake. Hizo hazisomwi. Soma makala mbili tatu za kitengo hicho, kisha uandike kama mtu anayejua kazi. Ambatisha maelezo ya masomo na kazi zako, orodha ya machapisho, nakala za vyeti, na majina ya wadhamini wawili au watatu waliokubali kutajwa.

Usione haya kutaja uzoefu wa nyumbani. Aliyepima madini ya floridi katika visima vya Arusha, au aliyefuatilia mashine ya umeme wa maji kijijini kwa misimu miwili, ana ujuzi ambao hauwezi kupatikana katika maabara ya Ulaya.

Ukikubaliwa, chuo hukupa mkataba au makubaliano ya kukupokea, ambayo utayapeleka Ubalozi wa Ujerumani, Dar es Salaam, pamoja na maombi ya viza. Sheria inacho kibali maalumu kwa watafiti. Mwenzi aliyepewa kibali cha kuungana na familia anaruhusiwa kufanya kazi. Anza mapema, maana miadi na vyeti huchukua muda. Aliye mwajiriwa nyumbani aombe ruhusa kwa mwajiri wake kwa maandishi na kupata jibu kwa maandishi, ili arudipo asikute kiti chake kimekaliwa na mwingine bila yeye kuwa na ushahidi.

TAHADHARI JUU YA MATAPELI

Mahali penye tumaini ndipo tapeli anapoweka duka. Zipo barua zenye nembo nzuri za vyuo, zikimpongeza mtu kwa nafasi ambayo hakuiomba, kisha zikidai ada ya "usajili", "bima" au "kuharakisha viza". Shika neno hili: chuo kikuu cha Ujerumani hakimtozi mtu fedha ili kumwajiri. Ada ya viza hulipwa kwa utaratibu wa ubalozi, si kwa profesa wala kwa wakala. Kabla familia haijauza ng'ombe au kuweka shamba rehani, itafute jina la profesa kwenye ukurasa wa chuo, itumie anwani iliyoandikwa hapo badala ya ile iliyo kwenye barua, na iulize. Swali moja la kawaida linaweza kuokoa mali ya miaka kumi.

MASWALI NANE YA KUULIZA KABLA YA KUSAINI

Tunashauri karatasi hii ikatwe na kutunzwa.

1. Hii ni ajira au ni ruzuku?
2. Fedha zinatoka wapi: bajeti ya chuo, mradi, au mfadhili wangu mwenyewe?
3. Mkataba unaanza na kuisha tarehe gani, na umefungwa kwa kifungu kipi cha sheria?
4. Ni asilimia ngapi ya kazi, ngazi gani ya mshahara, na hatua ipi?
5. Nitafundisha vipindi vingapi, na kwa lugha gani?
6. Nani analipa bima ya afya, yangu na ya familia?
7. Ikitokea ujauzito au ugonjwa mrefu, mkataba unakuwaje?
8. Mkataba ukiisha, vifaa, takwimu na machapisho ninavyoweza kurudi navyo ni vipi?

Swali la nane mara nyingi husahauliwa. Mtafiti hukusanya takwimu kwa miaka, lakini zikabaki katika kompyuta za kitengo. Akubaliane tangu mwanzo jinsi atakavyoendelea kuzitumia akiwa nyumbani. Wapo walioondoka na ushirikiano uliodumu kati ya maabara mbili, na wapo walioondoka na sanduku la nguo tu.

Nanyi wazazi na ndugu, tunaomba mlielewe jambo moja. Kijana anayerudi baada ya miaka miwili hakufukuzwa, wala hakushindwa. Mkataba wake umekwisha, kama ulivyoandikwa tangu siku ya kwanza. Mkilijua hilo mapema, hamtamtwisha mzigo wa kuwasomesha wadogo wote kwa mshahara wenye mwisho, naye hatalazimika kujificha ughaibuni kwa aibu ya kurudi. Kaeni naye chini kabla hajaondoka, muusome mkataba pamoja, mpange ya kwenda na ya kurudi.